Mstari wa Usalama Uchorwe Kabla ya Tangi Kujengwa

Tarehe 29 Aprili 2009 wakazi wa Mbagala, Wilaya ya Temeke, walikuwa katika shughuli zao za kawaida wakati ghala la silaha lilipoanza kulipuka karibu na makazi yao. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na maelfu wakakimbia pasipo kujua wakimbilie upande gani. Haikutimia miaka miwili, msiba wa namna ile ile ukarudi, mara hii Gongo la Mboto, usiku wa tarehe 16 Februari 2011. Waliokuwapo hawajausahau umati uliokesha Uwanja wa Uhuru, wala watoto waliokuwa wakiwatafuta wazazi wao.

Hatuyataji haya kwa nia ya kutonesha vidonda. Twayataja kwa kuwa misiba ile ilituachia swali ambalo kila mwenye dhamana ya kugawa ardhi, kutoa kibali au kujenga mtambo hana budi kulijibu. Baina ya kitu cha hatari na mlango wa nyumba ya mtu, pawe na umbali gani? Umbali huo unapimwa kwa kipimo gani? Na ukishapimwa, nani anaulinda?

Leo swali hilo linatujia kwa sura ya gesi.

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo husafishwa kisiwani humo humo, ikapita chini ya bahari, kisha nchi kavu hadi Ubungo. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba la pili, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 500, kutoka Mtwara hadi Kinyerezi. Kutoka katika mabomba hayo gesi imefika viwandani, katika nyumba za Mikocheni, na katika vituo vya gesi iliyoshindiliwa ambako bajaji na teksi hupanga foleni. Ng'ambo ya bandari, Kigamboni, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya Temeke, kumekuwa na matangi ya mafuta tangu kiwanda cha TIPER kilipofunguliwa mwaka 1966, na sasa kuna matangi makubwa ya gesi ya kupikia inayoletwa kwa meli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, na mapafu ya mama zetu na misitu yetu vitashukuru. Lakini maana yake ni kwamba matangi yataongezeka.

Mradi mkubwa kuliko yote hayo ni ule wa Likong'o, mkoani Lindi, ambako gesi ya bahari kuu inakusudiwa kugeuzwa kimiminika na kupakiwa melini. Mwezi Juni 2022 mkataba wa awali wa mradi huo ulitiwa saini mjini Dodoma baina ya Serikali na makampuni ya kigeni, yakiwamo Equinor na Shell. Msomaji wa Tandika au Mwananyamala anaweza kuuliza Lindi yamhusu nini. Yamhusu, kwa sababu elimu itakayotumika kupima usalama wa Likong'o ndiyo ile ile ipasayo kupima usalama wa tangi la Kigamboni na wa kituo cha gesi kilicho jirani na nyumba yake. Tukijifunza kuidai vizuri huko, tutajua kuidai hapa.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe lilivyo. Gesi asilia ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri hugeuka kimiminika, na ujazo wake hupungua mara 600 hivi. Ndiyo maana meli moja huweza kubeba gesi ambayo kwa hali yake ya kawaida isingeenea katika meli mia. Wataalamu huiita LNG. Ikiwa tangini haiwaki wala hailipuki, kwa kuwa haina hewa ya kuiunguza na haihifadhiwi kwa mgandamizo mkubwa. Hatari huanza inapomwagika. Huchemka papo hapo ikawa mvuke baridi, mzito kuliko hewa, unaotambaa chini kama ukungu mweupe. Mvuke huo, ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha baina ya asilimia 5 na 15, hungoja cheche tu.

Haki yasema tuongeze kwamba biashara hii si ya kuogopwa kama mzimu. Tangu mwaka 1964, meli zilipoanza kuipeleka gesi hiyo Uingereza kutoka Algeria, safari za baharini zimekuwa na historia njema ya usalama. Lakini nchi kavu kumetokea maafa. Tarehe 20 Oktoba 1944, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, tangi lilipasuka kwa kuwa chuma chake hakikustahimili baridi ile. Kimiminika kikaingia katika mitaro ya maji machafu, moto ukaibukia mitaani, na watu wapatao 130 wakafa. Hapa Afrika, mlipuko wa Skikda, Algeria, wa tarehe 19 Januari 2004 uliua watu 27.

Basi ukungu ule, ukimwagika, utatambaa umbali gani kabla haujapungua nguvu? Moto wake utachoma ngozi ya mtu aliye mita ngapi? Hakuna mwenye akili atakayewasha tangi karibu na mji ili apate jibu. Hapo ndipo kazi ya kompyuta inapoanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walimwaga gesi hiyo kwa makusudi mahali pasipo na watu, baharini kwenye mlango wa mto Thames huko Uingereza na katika jangwa la California. Walipima jinsi ukungu ulivyosambaa na jinsi moto ulivyowaka, na vipimo hivyo vikatumika kusahihisha hesabu. Mwaka 1980 Marekani ilitunga kanuni inayodai kwamba kila mtambo wa gesi hiyo upigiwe hesabu ya umbali wa joto na umbali wa mvuke kabla ya kujengwa. Leo programu za kompyuta, nyingine zilizobuniwa Norway na Uingereza, huiga ajali nzima. Mtaalamu huieleza kompyuta ukubwa wa tundu, wingi wa gesi, kasi ya upepo, umbo la ardhi na majengo yaliyopo, nayo humchorea mistari juu ya ramani. Ndani ya mstari huu mvuke waweza kuwaka. Ndani ya mstari ule joto litafika kilowati 5 kwa kila mita ya mraba. Jua kali la mchana hutoa kilowati 1 hivi. Kwa kilowati 5 mtu asiye na kificho huungua vibaya kwa muda usiofika dakika moja.

Hiyo ni faida kubwa. Zamani umbali wa usalama uliwekwa kwa kukisia, au kwa kunakili kanuni ya nchi nyingine. Sasa ajali elfu moja zaweza kujaribiwa mezani bila mtu kuungua kidole, na mhandisi akaona kwamba ukuta ukisogezwa au vali ikifungwa mapema, mstari unarudi nyuma na nyumba 50 zinabaki nje yake. Wenye kupinga hesabu hizi kwa kuwa ni za mashine wanakosea.

Lakini wanakosea pia wale wanaoipokea karatasi ya kompyuta kama hukumu isiyo na rufani. Mashine haibashiri. Inahesabu ilicholishwa, na ikilishwa kisicho chetu itatupa jibu lisilo letu. Wataalamu wenyewe walilijua hilo tarehe 11 Desemba 2005 huko Buncefield, Uingereza, petroli ilipofurika kutoka tangini na mvuke wake ukalipuka. Hakufa mtu, kwa kuwa ilikuwa alfajiri ya Jumapili, lakini nguvu ya mlipuko ilizidi kabisa makadirio ya wakati ule. Uchunguzi ulionyesha kwamba miti na vichaka vilivyopandwa kando ya barabara vilisaidia kuongeza kasi ya moto, kwa kuwa moto unaopenya katikati ya vizuizi hukimbia kuliko ule wa uwanja mtupu. Hesabu zilizotangulia hazikuitilia maanani miti.

Tuyatafsiri hayo kwa ardhi yetu. Temeke peke yake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 katika sensa ya mwaka 2022. Nani ameiambia kompyuta habari za vichochoro vya Tandale na Keko, ambako paa la nyumba hii hugusa paa la nyumba ile? Nani ameieleza michongoma, miembe, vibanda vya mbao na mitaro ya maji iliyo wazi, ambayo mvuke mzito waweza kuifuata kama ulivyofanya kule Cleveland? Nani ameihesabia kwamba kila ua lina jiko la mkaa, na kwamba cheche hapa kwetu haiko mbali hata hatua kumi?

Tuje kwenye upepo. Mzee yeyote wa pwani ajua kwamba kusi na kaskazi ni pepo mbili zenye tabia mbili, na kwamba baina yake zipo siku za shwari. Kusi ikivuma, kinachotoka Kigamboni huelekea bandarini na mjini. Kaskazi ikishika zamu, huelekea upande mwingine. Na kinyume cha fikra za wengi, usiku wa hatari kubwa ni ule wa shwari, kwa sababu upepo mkali huutawanya mvuke mzito, ilhali hewa iliyotulia huuacha utambae mbali ukiwa bado na nguvu. Basi hesabu iliyofanywa kwa wastani wa upepo wa mwaka haitoshi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina kumbukumbu zake, na wavuvi wana zao vichwani. Zote mbili ziulizwe.

Tuje pia kwenye visiwa, kwa kuwa ndugu zetu wa visiwani mara nyingi hutajwa katika hotuba za gesi na kusahauliwa katika ramani zake. Songo Songo ni kisiwa kidogo chenye kijiji na mtambo wa kusafishia gesi. Mtu wa Mbagala mwaka 2009 aliweza angalau kukimbilia barabarani. Mtu wa Songo Songo atakimbilia wapi? Njia yake ni bahari, na bahari ina saa zake. Maji yakipwa, chombo kimelala mchangani. Yakijaa usiku wa kusi, mama mwenye watoto watatu hatathubutu kupanda ngalawa. Hesabu ya ajali isiyohesabu kupwa na kujaa kwa maji ni hesabu ya bara iliyopelekwa kisiwani. Jambo hili liwahusu pia wakuu wa Zanzibar, ambako utafutaji wa mafuta na gesi unasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2016. Ni heri wajiandae kwa maswali haya kabla neema haijapatikana. Hata Kigamboni, ingawa si kisiwa, hali yake si mbali na hiyo, kwa kuwa anayetaka kuvuka kwenda mjini hutegemea zaidi kivuko au Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016.

Tukishapata hesabu iliyo sahihi, bado hatujamaliza. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka katika kituo cha kujazia mitungi kilichokuwa katikati ya makazi. Watu kadhaa walikufa na karibu 300 wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba mwaka 2023 ilikuwa imeyakataa maombi yote ya kibali cha ujenzi mahali pale, kwa kuwa michoro haikutimiza umbali wa usalama na eneo lilijaa watu, na kwamba mwombaji alitakiwa alete tathmini inayoonyesha joto litakalofika kwa majirani endapo pangetokea mlipuko. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Swali lililo sahihi liliulizwa. Kibali kilikataliwa. Na bado gesi ilikuwapo, malori yalikuwapo, na watoto walikuwa wamelala upande wa pili wa ukuta. Upungufu haukuwa wa elimu ya hesabu. Ulikuwa wa mkono wa kuitekeleza.

Na hata mtambo uliojengwa kihalali, mahali pa wazi, waweza kufuatwa na mji. Huko San Juanico, kando ya jiji la Mexico, bohari la gesi lilizungukwa na nyumba za maskini zilizolisogelea mwaka hadi mwaka. Lilipolipuka tarehe 19 Novemba 1984, watu wapatao 500 waliangamia. Nani kati yetu aliyeishi Dar es Salaam miaka 20 asiyelijua jambo hili? Viunga vilivyokuwa mashamba ya mikorosho leo ni mitaa, na mstari uliochorwa porini umeangukia sebuleni mwa mtu. Hesabu ya usalama huzeeka kadiri mji unavyokua, na isiporudiwa hugeuka uongo uliotiwa mhuri.

Wako watakaosema kwamba madai haya yatawatisha wawekezaji na kuchelewesha maendeleo. Hoja hiyo twaiheshimu, kwa kuwa nchi maskini haiwezi kuiacha mali yake chini ya bahari ikingoja ukamilifu. Lakini mradi unaokadiriwa kwa makumi ya mabilioni ya dola haushindwi na gharama ya kupiga hesabu vizuri. Wako pia watakaohofu kwamba mistari hiyo itakuwa kisingizio cha kuwahamisha wanyonge kutoka ardhi ya thamani. Hofu hiyo ina historia, wala haifai kupuuzwa. Dawa yake ni kuiweka hesabu hadharani. Hesabu ikiwa wazi, mwananchi aweza kuonyesha kwamba nyumba yake iko nje ya mstari na hana sababu ya kubomolewa. Hesabu ikifichwa, mwenye nguvu ndiye atakayesema mstari unapita wapi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne kwa wenye dhamana, yaani EWURA, PURA, NEMC, OSHA, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, pamoja na halmashauri zetu.

La kwanza, hesabu hizo zifanywe kabla ardhi haijagawiwa. Ikija baada ya msingi kumwagwa zege, haipimi tena usalama, bali inautafutia mtambo udhuru. Aidha isitoke kwa kampuni pekee. Vyuo vyetu vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinafundisha vijana elimu ya mafuta na gesi. Wapewe programu hizo na mamlaka ya kuirudia kila hesabu ya mwenye mradi. Ofisa asiyeweza kuikagua hesabu huwa mpiga mhuri tu.

La pili, hesabu ilishwe mambo ya hapa, yaani pepo zetu, shwari zetu, msongamano wetu, mitaro yetu na mawimbi yetu. Bomba linalopita mijini lihesabiwe pia hatari ya kutobolewa na wachimbaji wa barabara na mabomba ya maji, kwa kuwa uzoefu wa Ulaya wa miaka mingi waonyesha kwamba hiyo ni miongoni mwa sababu kubwa za mabomba ya gesi kutoboka.

La tatu, ramani ya mistari hiyo ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa na ya kijiji, kwa Kiswahili kinachosomeka, ikionyesha njia ya kukimbilia na sauti ya king'ora itakayowaamsha watu. Baada ya kemikali ya sumu kuwadhuru wakazi wa Seveso, Italia, mwaka 1976, nchi za Ulaya zilitunga sheria mwaka 1982 kwamba jirani wa kiwanda cha hatari lazima aelezwe hatari yenyewe na la kufanya. Hatuoni kwa nini mkazi wa Kurasini au Songo Songo astahili pungufu ya hapo.

La nne, mstari ukishachorwa uwe na nguvu ya sheria, na afisa ardhi atakayegawa kiwanja ndani yake awajibishwe hata kama amestaafu. Hesabu irudiwe kila baada ya muda uliowekwa, na kila mara mji unapousogelea mtambo.

Wananchi nao wana wajibu wao. Anayenunua kiwanja kwa bei ya kutupa jirani na tangi au juu ya mkuza wa bomba, akijua fika, ajue kwamba amenunua pamoja na hatari yake. Na mjumbe wa mtaa anayeweka sahihi mauzo hayo awe ameulizwa kwanza.

Mstari wa chaki juu ya ramani ni kitu chepesi kuufuta. Ukishajengewa nyumba 1,000 huondolewa kwa machozi na fidia, na ukiachwa huenda ukaondolewa kwa moto. Likong'o bado inangoja mitambo yake. Kigamboni, Temeke na Kinondoni haziwezi kungoja, kwa kuwa kwao gesi imekwisha kufika. Maofisa wetu wazifungue hesabu zilizoko makabatini, waone kama watu walioongezeka tangu zilipopigwa wamo ndani yake. Kama hawamo, zipigwe upya, na majibu yake yasomwe mbele ya wale watakaolala karibu na tangi usiku huu.